Bandeji Kwenye Goti Zima

Sikumwamini Mwalimu siku ya kwanza nilipomwona, na siku ya mwisho nilipomwona bado sikuwa na hakika naye. Katikati hapo kuna miaka ambayo nilifanya kila alichoniambia. Ndivyo alivyokuwa mtu yule: ulimtii kwanza, kumwamini ukakuweka kiporo.

Alikuwa kocha wa timu yetu ya kiwanda cha kuchambua pamba, pale Mwanza kando ya ziwa, miaka ile viwanda vilipoanza kuuzwa na kila mtu akawa anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Kwetu kocha huitwa Mwalimu, nasi tulimwita hivyo hivyo. Yeye hakutuita majina hata siku moja. Alituita kwa namba tulizocheza. Golikipa alikuwa Namba Moja, mshambuliaji wa kati Namba Tisa, na mimi, beki wa kushoto, nilikuwa Namba Tatu. Aliwahi kunikuta sokoni Mabatini nimeshika kikapu cha dagaa, akaniita kutoka ng'ambo ya pili, "Namba Tatu, habali za nyumbani?" Wauza nyanya wakanigeukia wote. Nadhani walidhani nimetoka jela.

Alikuwa mfupi, shingo nene, mwenye matege ya mtu aliyekulia kucheza peku. Kaptula yake ya kaki haikubadilika, labda alikuwa nazo kadhaa, labda ni ile ile. Hilo nalo tulilijadili. Alikuwa Msukuma, na ulimi wake haukuipenda herufi ya r. Mpira aliuita mpila, na mchezaji mahiri alimwita hodali. Sisi tuliotoka upande wa Bukoba tulicheka, ila tulichekea mbali. Akigundua umecheka alikuita nshomile, msomi wa Kihaya, na wiki hiyo nzima ulikimbia kuzunguka uwanja mpaka usomi ukutoke.

Jambo lililonikera kuliko yote ni shikamoo yake. Mwalimu hakukubali uamkie umesimama. Ukifika mazoezini ilikupasa uchuchumae mbele yake, chini kabisa, visigino vikigusa makalio, ndipo useme shikamoo. Na hapo hakuitikia. Alikuacha chini anaangalia ziwa, anaangalia korongo waliosimama kwenye mawe, anakuna kidevu, kisha ndipo anasema, "Malahaba." Ukiinuka, alikutazama mpaka umenyooka. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina mke. Kwetu anayepiga magoti ni mwanamke na mtoto. Nikawauliza Wasukuma wa timu kama ndiyo mila yao, wakasema kijana humwinamia mkubwa, naam, lakini huku kuwekwa chini kama kuku anayeatamia hawajakuona kwa baba zao.

Basi kila mtu akawa na lake. Namba Tisa alisema mzee ana kiburi tu, alinyimwa ukuu ujanani anautafuta kwetu. Namba Sita, kiungo wetu aliyetoka Magu, alikuwa na hakika kwamba ni dawa: Mwalimu anachukua nguvu za magoti yetu, anazihifadhi mahali, anazitoa siku ya mechi kubwa. Alieleza hayo kwa sauti ya chini, kisha akaenda akachuchumaa kuliko sisi sote. Hata mimi niliyejidai nimesoma, kuna asubuhi nilijikuta nasugua magoti baada ya kumwamkia, kuangalia kama yamepungua.

Siri ilifichuka kwa Namba Nane. Alikuwa amegongwa goti kwenye mechi ya ugenini na akatuapia kwamba amepona. Asubuhi moja alichuchumaa, akasema shikamoo, na Mwalimu akanyamaza. Akaangalia ziwa. Akamuuliza mtu mwingine habari za mama yake mgonjwa, akasikiliza jibu lote. Namba Nane pale chini akaanza kutetemeka paja, jasho likamtoka, na mwishowe akaweka mkono chini. "Malahaba," Mwalimu akasema. "Kapumzike wiki mbili." Ndipo tukaelewa kwamba shikamoo ile ilikuwa hospitali, na kwamba tulikuwa tunapimwa kila siku bila kujijua.

Ungesema hapo tungempenda. Sivyo. Tulizidi kumwogopa, maana kila mmoja wetu alikuwa na kitu cha kuficha, na ili unielewe lazima nikueleze mambo yalivyokuwa kiwandani.

Sisi tuliajiriwa kwa ajili ya mpira. Mimi nilikuwa mizani, napima marobota ya pamba, lakini kilichonipa kazi ni mguu wangu wa kushoto. Kiwanda kikauzwa. Akaja mwenye mali mpya, wafanyakazi wakamwita Tajiri, na neno jipya likaingia mjini: kupunguzwa. Mtu hakufukuzwa tena, alipunguzwa, kama chumvi kwenye mboga. Tajiri alitukusanya akasema watu ni wengi. Akasema hana ugomvi na mpira, mpira ni matangazo, lakini timu ikishuka daraja hana haja nayo, na wale walioajiriwa kwa mpira watakuwa wa kwanza kupunguzwa. Kuanzia siku ile aliyeumia hakuwa na namba, na asiye na namba hakuwa na kazi. Mtu angeweza kuchezea kifundo kilichovunjika na akacheka.

Na huku watu wenyewe walikuwa wanatuishia. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinachipuka kando ya ziwa, vinalipa vizuri, na vyenyewe vilianza kuwa na timu. Namba Tano wetu alikwenda huko. Winga mmoja aliacha mpira akauza mitumba, akatupita akiwa na marobota yake kichwani anatupungia. Mtu aliyekuwa akiba yangu, kijana wa Igogo mwenye mbio kuliko mimi, aliondoka katikati ya msimu bila kuaga, na mara ya pili tulipomwona alikuwa amevaa jezi ya kiwanda cha samaki na viatu vipya. Benchi letu likabaki na golikipa wa akiba ambaye jioni haoni vizuri, mzee mmoja wa karakana aliyeombwa tu, na vijana wawili wa mitaani ambao hawakujua kama wanapenda mpira au wanapenda maji ya glukosi.

Mwalimu alikuwa na msemo wake kuhusu hilo. Wapenzi wa timu walipomsifia wachezaji wake kumi na mmoja, alitema mate pembeni. "Timu si kumi na mmoja," alisema. "Timu ni yule wa kumi na mbili." Kwa kuwa wa kumi na mbili hakuwepo, alitulazimisha kila mmoja ajue namba mbili, moja yake na moja aliyoiita ya dhalula. Namba Kumi na Moja alifundishwa kucheza beki ya kushoto, mahali pangu, na nilimchukia kwa kila siku aliyofanya vizuri. Namba Tisa alifundishwa kudaka. Tukawa timu ya watu wanaoviziana: ukijifunza namba ya mwenzako, mwenzako anaona unamchimbia kaburi. Sijawahi kujua kama Mwalimu aliliona hilo ama ndilo alilolitaka.

Sasa bandeji. Alikuwa nayo moja tu, ya rangi ya kahawia, ile inayovutika, anaifua mwenyewe kwa sabuni ya kipande na kuianika kwenye seng'enge ya uwanja. Siku ya mechi ilikaa mfukoni mwake. Tukishavaa jezi aliitoa, akamchagua mtu, akamfunga goti. Mimi mwanzoni nilidhani anamfunga aliyeumia. Kumbe Mwalimu alifunga goti zima. Mabeki wa timu pinzani, alisema, wakiona bandeji wanajua pa kupiga; basi wape pa kupiga. Aliyekuwa anaumwa goti la kulia alifungwa la kushoto. Wakati mwingine alimfunga mtu asiyeumwa kabisa, akamwambia achechemee wakati wa kupasha misuli, watu waone.

Na watu waliona. Mwanza mpira wake una macho mengi. Walikuwepo wazee waliokuja kila jioni kukaa juu ya majabali wakijidai wanaangalia mapanki, yale mabaki ya sangara, yanavyoanikwa, kumbe wanahesabu nani anachechemea wapeleke habari kwa wapinzani. Mwalimu aliwajua wote na aliwasalimia kwa heshima. Akawapa walichokuja kuchukua. Shida ni kwamba na sisi wenyewe hatukujua tena nani mgonjwa na nani mzima. Namba Tisa alivaa bandeji karibu msimu mzima kwenye goti lisilo na kitu, akapigwa hapo kila mechi, mpaka goti likaumia kweli. Tulitegemea mzee aone aibu. Aliugusa ule uvimbe, akafikiri kidogo, akahamishia bandeji mguu wa pili.

Huyo huyo aliyedanganya mji mzima alitaka sisi tumwambie ukweli. Alichukia uongo. Mtu akidanganya habari ya nauli alimweka benchi. Alikuwa mzee wa kanisa, Jumapili anavaa suruali, anasoma somo mbele ya watu kwa ulimi wake ule ule, na mke wangu aliyewahi kumsikia alisema anasoma kama mtu anayeyaamini. Alisema haamini uchawi. Lakini ugenini hatukuwahi kupita mlango mkuu wa uwanja. Tuliruka ukuta, wanaume wazima na mabegi, yeye akiwa wa mwisho na kaptula yake imenasa. Hatukunywa maji ya wenyeji. Kamati ya ufundi, yaani wale wazee wa timu ambao ufundi wao si wa mpira, walipotaka kupaka vitu kwenye viatu vyetu, aliwakatalia katakata, kisha akavilalia viatu kama mto wa kichwa, asije mtu akavishika. Nilimuuliza, Mwalimu, si huamini? Akasema haamini, na hataki kuthibitishiwa.

Msemo wake mwingine ndio ulionikaa zaidi. Anayesema anaumwa, mtazame akikimbilia chakula. Anayesema haumwi, mtazame akiinuka. Aliurudia mara nyingi hata vijana wa mitaani wakawa wanamwigiza.

Goti langu la kushoto lilikwenda siku ya mazoezi, bila kuguswa na mtu. Uwanja wetu ulipakana na majabali, mpira ukatoka, nikaukimbilia, nikakanyaga jiwe lenye ukungu wa ziwa. Nilisikia mlio ndani ya mguu, mdogo tu, kama unapovunja muwa. Hakuna aliyekuwa karibu. Nikaokota mpira, nikaurusha, nikarudi nafasi yangu natembea kwa makini kama aliyebeba mayai.

Nyumba yetu Mabatini ilikuwa juu kwenye mawe, na kupanda kwake hata mzima analalamika. Jioni ile mke wangu alinisikia napanda, akatoka nje kabla sijabisha hodi. Alijua kwa mshindo wa miguu tu. Akachemsha maji, akatia chumvi, akalikanda goti. Alipomaliza akaniambia nikamwambie Mwalimu. Nikamwambia akitoa neno hili nje ya mlango huu, tutakula mawe haya. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Mke wangu alinyamaza, na ninavyomjua, akinyamaza ndiyo amekubali.

Kilichobaki ni shikamoo. Nilifikiri sana, nikapata njia. Nilianza kuwahi uwanjani kabla ya Mwalimu, na nilipomwona anakuja nilikuwa tayari nimeinama chini, goti moja ardhini, nafunga kamba za kiatu. Namwamkia hapo hapo nilipo. Yeye anaitika, mimi naendelea kufunga mpaka amepita, kisha nainuka taratibu mgongo wake ukiwa kwangu. Nilijiona mjanja sana. Wiki ikapita. Siku moja alisimama.

"Namba Tatu, kamba zako siku hizi zina nini?"

"Ni ndefu, Mwalimu."

"Kata," akasema, akaenda zake.

Nikazikata. Kesho yake nikawa natoa mchanga kwenye viatu. Kila nikiona kaptula ile inashuka kutoka barabarani niliapa kwamba amejua. Kisha mazoezi yakaanza, akanipanga mahali pangu kama kawaida, nikaapa kwamba hajajua. Nilitazama kila mtu aliyezungumza naye. Namba Kumi na Moja alicheka naye siku moja karibu na goli, na mimi nikapoteza usingizi kwa kicheko kile.

Ikaja mechi ya mwisho. Tulihitaji sare tu tusishuke, na wageni wetu wa Shinyanga nao walihitaji chao. Wakati huo Namba Tano hatuna, Namba Nane goti lake limerudia, Namba Mbili ana homa ya malaria ila anacheza. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa ghala dogo la magunia, vumbi la pamba limekaa kwenye pua. Mwalimu aligawa jezi bila hotuba. Kisha akaitoa bandeji mfukoni. Akampita Namba Tisa. Akampita Namba Sita. Akaja akasimama mbele yangu, na mzee yule, aliyetuchuchumisha sote miaka yote, akachuchumaa yeye mbele yangu, akanifunga goti la kulia.

La kulia. Lile zima.

"Linabana?" akauliza.

"Halibani."

"Basi nenda."

Sikusikia filimbi ya kuanza. Nilikuwa namtazama mzee kule pembeni, nikijiuliza. Kama hajui, kwa nini mimi? Kama anajua, kwa nini nipo uwanjani? Winga wa Shinyanga alikuwa mtu wa kazi. Aliiona bandeji, akaifanyia kazi aliyotumwa. Alinipiga goti la kulia mpaka nikazoea. La kushoto hakuligusa hata mara moja. Lilidumu kipindi cha kwanza chote na sehemu kubwa ya cha pili, na lilipokwenda lilikwenda lenyewe, nageuka tu kumfuata mtu, nikabaki nimekaa chini natazama mguu wangu umeelekea upande usio wake.

Nafasi za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimekwisha. Homa ya Namba Mbili ilikula moja. Mwalimu alikuja mpaka kwenye mstari. Alimrudisha Namba Kumi na Moja kucheza pangu, yule niliyemchukia, akacheza kama aliyezaliwa hapo. Mimi akaniambia nikasimame mbele kabisa, karibu na goli lao. Nisikimbie, nisiguse mpira, nisimame tu. Beki wao akisimama na mimi watakuwa wamepungua mmoja kama sisi. Nikasimama kwa mguu mmoja kama korongo, na beki mzima wa Shinyanga akanilinda mpaka mwisho, akinishuku kwamba najifanya. Mchezo uliisha sare.

Tajiri aliingia ghalani kwa viatu vyake vya ngozi, akatupa mikono, akasema neno moja tu la maana: waliocheza leo watabaki na kazi. Walioishia benchi na wagonjwa walipunguzwa mwezi uliofuata, Namba Nane akiwemo. Mimi nilifungwa plasta, na plasta ilipotoka goti halikukunja tena. Lilikuwa nguzo. Tajiri alishika ahadi yake, nikahamishiwa getini, kazi ya kukaa. Nilikaa hapo mpaka kiwanda kilipofungwa kabisa, na watoto wangu walisoma kwa geti lile. Timu yenyewe haikumaliza mwaka. Ilionekana mpira si matangazo sana. Mwalimu aliondoka hakuaga mtu, wakasema amerudi kwao upande wa Sengerema.

Lakini jioni ile ya mechi, kabla ya hospitali, walinipandisha nyumbani kwa kunibeba. Mke wangu alipofungua mlango sikumsalimia. Nilimwonyesha bandeji ilikofungwa, nikamuuliza, "Nani kamwambia?"

Akasema huyo mzee hamjui, amemsikia akisoma somo kanisani, basi. Sikumwamini. Alinikanda miezi yote ya mguu ule, na mara mbili tatu nilimuuliza tena, mara kwa utani, mara kwa hasira. Mwishowe akasema nikimuuliza tena atapanda meli kwenda kwao Bukoba na mtoto. Nikaacha kuuliza kwa mdomo.

Ndani sikuacha. Miaka nilikaa getini na swali lile. Siku nyingine nilisema ilikuwa bahati, mzee alihitaji wa kumfunga akanifunga mimi. Siku nyingine nilisema alijua, alijua tangu siku ya kamba, na alilichoma goti langu kama mtu achomavyo kuni ya mwisho. Kisha nakumbuka Namba Nane aliyepumzishwa kwa huruma, jinsi alivyokuja getini kwangu kuuliza kama kuna kibarua, na nasema labda mzee aliona mbele kuliko mimi. Sikupenda kuwaza hivyo. Ni rahisi kumchukia mtu aliyekuumiza kuliko aliyekuumiza na kukulisha.

Mwaka juzi nilikwenda Sengerema kwenye harusi. Wakati wa kurudi, pale Kamanga tukisubiri kivuko cha Mwanza, nikamwona amekaa kwenye benchi la mama muuza chai, na kaptula. Ya kaki. Alikuwa amepungua, shingo ile imekwisha, lakini bado alitazama watu wanaoshuka kwenye kivuko kama anayewachagua. Goti lake la kulia lilikuwa na bandeji.

Nilimwendea na mguu wangu wa nguzo. Miguu, kwa mazoea, ikaanza kutafuta namna ya kushuka.

"Baki umesimama," akasema. "La kushoto hilo halikunji."

Nikabaki hivyo hivyo, nusu nimeinama. Sikuwa nimesema hata shikamoo. Nilikuwa nimeisubiri siku hii miaka.

"Ulijua lini, Mwalimu?"

"Ulipoanza kufunga kamba. Nani anafunga kamba kila siku?"

"Na ukanipanga."

Aliangalia ziwa. Nikamfahamu mara moja. Alikuwa ananiacha chini, kama zamani, mpaka paja litetemeke. Mama muuza chai akanisogezea kikombe ambacho sikukiomba.

"Namba tatu nilikuwa na wewe peke yako," akasema.

Basi. Hakutaja kazi yangu, hakutaja Tajiri, hakusema pole. Iliniuma, naisema wazi, iliniuma kuliko siku goti lilipovunjika. Nikamfikiria mke wangu, maji yale ya chumvi, na mara zote nilizomtazama kwa jicho baya ndani ya nyumba yake.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema mwishowe, nimesimama.

"Malahaba." Safari hii hakunisubirisha.

Kivuko kikapiga honi. Watu wakaanza kubeba mizigo na kuku wao. Mzee akasema anakwenda mjini kutazamwa goti, akaligonga lile lenye bandeji, akakunja uso kwa maumivu. Kisha akainuka, na mimi, kwa kuwa ndivyo alivyonifundisha, nikamtazama akiinuka. Uzito wote aliuweka kwenye mguu wa bandeji, ukamnyanyua vizuri tu. Wa pili ulifuata nyuma, unaburura.

Nikazunguka, nikampa bega upande wa kushoto. Alisita. Aliliangalia bega, akaiangalia bandeji yake, akaniangalia mimi kwa jicho lile la uwanjani.

"Nani kakwambia?" akauliza.